Mkono Uliogusa Nati

"Usitikisike," Herieth alisema, na Yahya hakutikisika.

Alikuwa amekaa kwenye kiti cha dereva cha gari la mashindano, Chaser nyeupe, mikono yote miwili juu ya usukani, macho ameyaelekeza ukutani. Nje ya mlango Herieth alikuwa amepiga magoti, rula ya chuma mkononi. Kila upande wa gari alikuwa amevuta uzi mweupe wa waashi, umekazwa kutoka mbele hadi nyuma. Alipima kutoka kwenye uzi hadi kwenye rimu, kwanza ukingo wa mbele wa tairi, kisha ukingo wa nyuma, na kila kipimo alikiandika kwa chaki sakafuni.

"Nitakaa hivi mpaka lini?"

"Mpaka nikuambie. Ukishuka gari linapanda, na likipanda matairi yanabadili mwelekeo. Nataka nilipime na uzito wako ndani."

"Kwa hiyo leo siwezi kuondoka."

"Kuondoka unakujua vizuri, Yahya. Kukaa ndiko kunakokushinda."

Maneno yale yalimtoka kabla hajayafikiria. Aliinama haraka, akajifanya anasoma rula, lakini tarakimu zilikuwa zinacheza machoni.

Miaka miwili ilikuwa imepita tangu Yahya alipokuja hapa Misugusugu na mjomba wake kutoka Kisarawe, wamevaa kanzu zilizopigwa pasi, kuja kujitambulisha. Mzee Calist, baba yake Herieth, aliwapokea wakiwa wamesimama na akawaaga wakiwa wamesimama. Hakuwapa hata kigoda. Alisema mambo mawili tu: kwamba binti yake amebatizwa na ataolewa kanisani, na kwamba mwanamume anayeshindana kukimbiza magari hatofautiani na mtu anayelala katikati ya barabara. Baada ya siku ile Yahya alichukua kazi ya kuendesha malori ya makontena kutoka bandari kavu ya Kwala, akapotea. Hakupiga simu. Herieth naye hakupiga. Kila mmoja alimsubiri mwenzake aanze.

Mpaka Ijumaa hii mchana, Yahya alipoingia getini na lori lililobeba gari mgongoni, akashuka, akasimama mbele yake na kofia mkononi.

"Hakuna mwingine Pwani nzima anayeweza kulinyoosha," alisema.

Hakusema amekuja kwa sababu nyingine. Lakini alimtazama kwa muda mrefu kuliko gari linavyohitaji, na Herieth alilazimika kugeuka kutafuta spana ambayo ilikuwa mfukoni mwake.

Sasa alisogeza jeki chini ya pua ya gari. "Niambie tena linavyofanya."

"Likiwa limetulia halina shida. Nikiondoka kwa nguvu, pua ikinyanyuka tu, gari linakwenda kushoto. Kama mtu amenishika mkono wa shati ananivuta."

Herieth aliipandisha pua vidole vinne, akarudi kwenye uzi wake. Tairi la kulia lilikuwa kama alivyoliacha. La kushoto, ambalo dakika tano zilizopita lilikuwa limeangalia ndani kidogo kama inavyotakiwa, sasa lilikuwa limeangalia nje. Alipima tena. Alipima mara ya tatu.

"Umeona nini?" Yahya aliuliza bila kugeuza shingo.

"Sanduku la usukani limekaa chini upande mmoja. Pua ikiinuka, ule mkono wa chuma unaotoka kwenye usukani unalisukuma tairi nje. Umekimbia nalo mara ngapi hivi?"

"Mara nne."

"Mara nne Mungu amekusitiri."

Yahya alicheka kidogo. Herieth hakucheka. Alilala chali juu ya kipande cha boksi, akajisukuma chini ya gari, akaanza kazi. Aliweka washa moja, kipande bapa cha chuma chenye tundu, chini ya sanduku, akatoka, akapima, akarudi, akaongeza ya pili. Wingu zito lilikuwa limefunika upande wa Ruvu na hewa ndani ya gereji ilikuwa imesimama. Kila alipotoka chini ya gari alimwona Yahya palepale, mgongo umenyooka, jasho linamtiririka kwenye sikio na kuingia kwenye kola. Hakulifuta. Alikuwa ameambiwa asitikisike.

Dakika arobaini zilipita hivyo. Mwishowe Herieth alipandisha pua, akaishusha, akaipandisha tena, na matairi yote mawili hayakubadili kitu. Yaliangaliana kwa mbele kwa milimita mbili, pua ikiwa juu au chini.

Alisimama dirishani. Akavuta kitambaa begani mwake, akamfuta Yahya jasho la shavuni, na mkono wake ukabaki pale.

"Herieth."

"Usiongee. Bado nafikiria vipimo."

"Hufikirii vipimo." Sauti yake ilikuwa chini. "Kesho nikishinda, kuna mtu anaitwa Brighton, ana timu ya magari Dar. Anatafuta dereva wa mkataba. Kazi ya kueleweka, si kubahatisha. Mama ameshaniambia, nikiipata kazi hiyo atakuja hapa yeye mwenyewe kuzungumza na mzee. Mambo ya dini, tufunge ndoa ya bomani, kila mtu abaki na yake. Mama amekubali."

"Umeyapanga yote haya bila kuniuliza?"

"Ndiyo nakuuliza. Na siwezi hata kupiga goti, umenikataza kushuka."

Herieth alicheka. Kilikuwa kicheko kilichomtoka tumboni, kicheko ambacho yeye mwenyewe alikuwa amekisahau, na kilipokatika akasikia kiti kikilia nyuma yake.

Mzee Calist alikuwa amekaa mlangoni. Hakuna aliyejua amekaa pale tangu saa ngapi. Alikuwa ameshika fimbo yake katikati ya magoti, uso umeelekea kwao, macho yamefunikwa na ukungu mweupe. Ugonjwa wa mtoto wa jicho ulikuwa umemtia giza taratibu, mwaka hadi mwaka, na kwa muda wa miaka miwili hakuwa ameshika spana. Kabla ya hapo jina lake lilijulikana kwa madereva wote kuanzia Mlandizi hadi Mbezi. Kila alichokijua alimfundisha Herieth, mtoto wake wa pekee, aliyebaki naye baada ya mama yake, Petronila, kufariki.

"Shikamoo mzee," Yahya alisema kutoka kwenye kiti.

"Marahaba. Ni wewe."

"Ni mimi, mzee."

"Mnakimbia kesho?"

"Ndiyo, mzee. Kisarawe, mchana. Kwenye ile lami ya viwanja ambavyo havijajengwa."

"Na ukishinda unamchukua binti yangu."

Tone la kwanza la mvua liligonga bati.

"Sijakasirika," Mzee Calist alisema, akatabasamu. Herieth aliliona tabasamu lile likamtia baridi kuliko kelele zote za miaka miwili iliyopita. "Liache gari hapa, kijana. Mvua inakuja, barabara itateleza. Uje ulichukue asubuhi. Mimi nipo, nitaliangalia."

*

Jioni ile Herieth alikwenda parokiani kwenye mazoezi ya kwaya, akaimba sauti ya pili vibaya kwa sababu moyo wake ulikuwa barabarani kuelekea Kisarawe. Aliporudi mvua ilikuwa imebaki manyunyu. Alimkuta baba yake bombani, amechuchumaa, anasugua mikono kwa sabuni ya unga. Maji ya kwenye beseni yalikuwa meusi.

"Baba, umefanya nini?"

"Nimejikwaa pale gereji nikaegemea kopo lako la grisi. Umeliacha chini."

Herieth alichungulia gereji. Kopo la grisi lilikuwa juu ya rafu, mfuniko umefungwa. Gari lilikuwa kimya mahali pake, chini ya turubai.

Angeweza kulifunua. Angeweza kuchukua tochi na kulala chini dakika mbili tu. Baadaye alijiuliza mara nyingi kwa nini hakufanya hivyo, na jibu lilikuwa lilelile: alikuwa na furaha, na aliogopa kuigusa.

"Njoo ule, baba," alisema. "Nakupashia wali."

"Wewe ni mtoto mzuri," baba yake alisema. "Sijui ningekuwa nani bila wewe."

Asubuhi lori la Yahya lilifika likiwa limechelewa.

"Ngoja nilipime tena kabla halijapanda," Herieth alisema.

"Hatuna muda. Ukaguzi unafungwa saa sita na barabara ya Kiluvya ni tope tupu. Ulilipima jana mara kumi, Herieth. Nakuamini."

Mzee Calist alisimama getini, mikono nyuma. Lori lilipoanza kuondoka alinyanyua uso kuelekea kwenye mlio wake.

"Safari njema, kijana," alisema. Kisha akageukia alipodhani Herieth amesimama. "Na wewe lazima uende?"

"Mimi ndiye fundi wake, baba."

Mzee alifungua mdomo, akaufunga. Herieth alikuwa ameshapanda.

*

Lami ile ilikuwa imenyooka kilomita moja kati ya vichaka na mikorosho, haina nyumba hata moja. Watu walikuwa wamejipanga pande zote mbili, wengine wamebeba watoto mabegani, kamba moja tu ya manila ikiwatenganisha na barabara. Herieth aliitazama kamba ile, halafu akawatazama watoto, na akapata hamu ya ghafla ya kuondoka mahali pale.

"Wifi, una nini? Umepauka," Fadhila, mdogo wake Yahya, alimwuliza. Alikuwa ameanza kumwita wifi tangu asubuhi, bila kuona haya.

"Sina kitu. Jua."

Brighton alikuwepo, mwanamume mnene aliyevaa fulana nyeupe na miwani ya jua, amekunja mikono. Wakaguzi waliangalia mikanda, kofia na breki, wakapapasa matairi, wakaruhusu. Yahya alimpungia Herieth mkono kupitia dirishani, vidole viwili tu, halafu akavuta kioo cha kofia yake.

Mbio ya kwanza ilikuwa ya majaribio, gari moja moja. Chaser ilinguruma, ikainua pua, ikatoka. Kwa sekunde mbili ilikwenda vizuri. Kisha Herieth akaona kitu ambacho watu wengine hawakukiona: mkia ulitikisika mara moja, kidogo, na pua ikaelekea kushoto, kwenye kamba na watu. Yahya alilirudisha. Likaelekea tena. Akaachia mafuta katikati ya njia, akalileta polepole.

Watu walizomea. Fadhila alishika kifua.

Yahya alishuka, uso hauna damu. "Linatafuta kushoto," alisema. "Jana ulisema umemaliza."

"Nilimaliza."

"Basi limeanza upya, na sasa hata usukani umelegea."

Herieth alikuwa ameshalala chini kwenye lami yenye moto. Hakuhitaji uzi. Alishika ule mkono wa chuma unaounganisha usukani na tairi la kushoto, akautikisa, ukacheza. Akapeleka kidole kwenye nati inayoufunga. Pini aliyoitia jana, ile ya kuizuia nati isifunguke, haikuwepo. Na nati yenyewe ilikuwa imepandia upande, imekula vibaya, imeshika meno matatu tu ya skrubu, kama imefungwa na mtu aliyekuwa anafanya kazi gizani kwa kupapasa. Juu yake kulikuwa na grisi nyingi, imepakwa kwa kidole gumba, kwa namna moja tu ambayo Herieth aliijua. Yeye mwenyewe alifundishwa kupaka hivyo akiwa na miaka tisa.

Alibaki amelala pale. Juu yake sauti za watu zilikuwa mbali sana.

"Nini?" Yahya aliuliza.

"Nipe simu."

Alikwenda nyuma ya mkorosho, akapiga. Simu iliita mara moja tu. Mtu aliyeipokea alikuwa ameishika mkononi muda wote.

"Baba. Uligusa gari?"

Upande wa pili fimbo iliburuzika sakafuni.

"Baba, nimeiona nati. Nimeona grisi."

"Yuko mzima?" mzee aliuliza. "Herieth, niambie kwanza. Yuko mzima?"

"Yuko mzima."

"Asipande tena. Mwambie asipande. Jana nilifungua nikazungusha kidogo tu, tairi liangalie nje. Kidogo tu. Nilitaka ashindwe. Mtu akishindwa hurudi kwao. Halafu kurudishia nati ikawa haiingii, pini ikaniponyoka, nikapapasa sakafu nzima sikuiona. Nimeshika simu hii tangu mmeondoka. Nimeshindwa kubonyeza."

"Ungeniua naye. Kuna watoto hapa, baba. Wamesimama kwenye kamba."

"Ningebaki na nani, Herieth?" mzee alilia. "Ukienda Kisarawe mimi nabaki na nani?"

Herieth alikata simu.

Aliporudi walikuwa wameshakusanyika kulizunguka gari: wakaguzi wawili, Brighton, madereva wengine. Mkaguzi mmoja alikuwa amelala chini, akatoka na kupangusa mikono.

"Usukani haujafungwa," alisema kwa sauti ya kusikika. "Skrubu imeharibika kabisa. Mbio moja zaidi tungekuwa tunaokota maiti. Gari limetolewa."

"Nani alifanya kazi hii?" Brighton aliuliza.

Yahya alimtazama Herieth tu. Na katika macho yale hapakuwa na hasira bado, palikuwa na ombi. Alikuwa anamwomba aseme kitu chochote kinachoeleweka.

Herieth aliona njia mbili mbele yake. Akisema ni baba yake, watu wa Kisarawe watajua kabla jua halijazama kwamba mzee mmoja Mkristo kutoka Misugusugu alitaka kumwua kijana wao. Polisi wangekuja. Na hata wasingekuja, mama yake Yahya asingekanyaga tena kizingiti kile, na Yahya asingeweza kumwita baba mtu yule maisha yake yote. Akisema ni yeye, basi ni kosa la fundi. Kosa husamehewa. Ndivyo alivyofikiri kwa haraka ile, jua likimchoma utosini.

"Mimi," alisema. "Nilisahau pini. Nimekosea mimi."

Mtu mmoja alicheka. "Ndiyo maana mie gari langu simpi mwanamke," mwingine akasema, na kicheko kikazunguka.

Brighton alivua miwani. "Dereva anayechagua fundi kwa macho ya mapenzi simhitaji," alimwambia Yahya, bila ukali, akageuka akaondoka.

Yahya alisubiri mpaka watu wakatawanyika. Fadhila alisimama pembeni, mtandio mdomoni.

"Wewe husahau pini," Yahya alisema. "Huwa unazigusa nati moja moja kwa kidole. Nimekuona jana. Niliona kupitia kioo cha pembeni."

"Jana nilisahau."

"Na nati ilipanda upande? Wewe? Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza haifungi hivi." Alimsogelea. "Nitazame, Herieth. Kuna mtu mwingine aligusa?"

Herieth alimtazama kifuani, kwenye kifungo cha pili cha shati. "Hakuna."

"Basi ulikusudia."

"Yahya!"

"Nipe jibu jingine, nitalipokea! Hukosei, na hakuna mwingine aliyegusa. Limebaki moja. Hukutaka nishinde. Uliogopa kumwacha mzee, ukashindwa kuniambia usoni." Alionyesha kiti cha dereva. "Nilikaa mle dakika arobaini bila kupangusa jasho kwa sababu uliniambia nisitikisike."

Herieth alitaka kusema. Jina lilimjia mdomoni. Aliliona likiwa na uso wa baba yake, akalimeza.

Yahya alipanda lori. Hakugeuka.

*

Jumapili, watu wakiwa wametoka misa ya pili, geti liligongwa. Mzee Calist alikuwa barazani na suti yake ya kanisani. Tangu jana walikuwa wamezungumza maneno machache tu. Mzee alikuwa ameuliza, "Umewaambia?" na Herieth akajibu, "Nimesema ni mimi." Mzee alikuwa amefunika uso, halafu akasema, "Ahsante, mwanangu." Neno lile ndilo lililomkosesha Herieth usingizi.

Aliyegonga alikuwa Bi Mwanaamina, mama yake Yahya, mwanamke mrefu mwenye baibui jeusi, na nyuma yake Yahya, macho mekundu. Herieth aliwafungulia, akaamkia, akaleta viti. Bi Mwanaamina alikataa kukaa.

"Sikuja kukaa, mwanangu. Mara ya kwanza ndugu yangu alisimama hapa, na mimi nitasimama." Akamgeukia mzee. "Baba Herieth, habari za ibada?"

"Njema, mama Yahya. Karibu."

"Nilikuwa nimejiandaa kuja hapa kwa jambo la heri. Nguo niliyoivaa nilishonesha kwa ajili hiyo. Leo nimeivaa kuja kukuuliza swali moja, mzazi kwa mzazi. Mwanangu hajala tangu jana. Anasema binti yako alilegeza gari kwa makusudi. Mimi namfahamu huyu binti, nimeyaona macho yake, na moyo wangu unakataa. Lakini amekiri mwenyewe mbele ya watu. Wewe ndiye uliyemlea na uliyemfundisha kazi. Niambie wewe. Binti yako alitaka kumwua mwanangu?"

Kwa jirani redio ilikuwa inapiga nyimbo za kanisa.

Herieth alisema haraka, "Mama, nilishasema, ni kosa langu, nilisa..."

"Nimemwuliza baba yako."

Mzee Calist alikuwa ameshika fimbo kwa mikono yote miwili. Herieth aliuona mshipa wa shingoni ukipiga. Alimwona akitafuta neno, na kwa muda mrefu sana, mrefu wa kutisha, alijua kwamba baba yake anafikiria kumwacha abebe. Aliliona wazo lile likipita usoni mwake kama kivuli cha ndege. Hapo ndipo kitu fulani ndani ya Herieth kilipovunjika, hata kabla mzee hajajibu.

"Binti yangu hajawahi kusahau pini," Mzee Calist alisema mwishowe. "Hata siku moja. Ni mimi. Ni mikono yangu hii. Alipokwenda kwaya nililala chini ya gari nikafungua. Nilitaka ashindwe tu, mama. Wallahi... naapa kwa Mungu wangu, sikutaka afe."

Yahya alipiga hatua mbele. Bi Mwanaamina alimshika mkono bila kumtazama.

"Nashukuru kwa kusema," alimwambia mzee. Sauti yake ilikuwa tulivu, na utulivu ule ulikuwa mbaya kuliko kilio. "Sitakwenda polisi, kwa ajili ya huyu binti. Lakini nisikie vizuri, baba Herieth. Mtoto wangu alilala salama kwake kwa neno lako mwenyewe. Ulisema utamwangalizia gari. Kuanzia leo, damu yangu haitachanganyika na yako. Yahya, twende."

Aliondoka. Yahya alibaki getini na Herieth, na kwa mara ya kwanza tangu jana walitazamana machoni.

"Kwa nini uliubeba?" aliuliza.

"Mimi ungenisamehe. Yeye usingemsamehe."

"Simsamehi."

"Najua."

"Nilisema ulikusudia, Herieth. Mbele ya mdogo wangu." Alijifuta uso kwa kiganja. "Panda gari. Sasa hivi. Mama atapiga kelele wiki mbili, halafu ataacha. Usilale humu hata usiku mmoja."

Herieth aligeuka. Baba yake alikuwa amesimama barazani, mkono mmoja umenyooshwa mbele, unapapasa hewa kutafuta kiti ambacho Bi Mwanaamina alikataa kukikalia. Hakukipata. Alizunguka polepole, suti ya kanisani ikimpwaya, akiita, "Herieth? Bado upo? Herieth?"

"Siwezi leo," Herieth alisema.

"Leo, au milele?"

Bi Mwanaamina aliita kutoka kwenye gari mara moja tu. Yahya alirudi nyuma hatua moja, ya pili, akimtazama, kisha akageuka. Mlango wa gari ulibamizwa. Gari lilishika barabara ya Morogoro, na Herieth alilisikiliza mpaka likachanganyika na mengine.

Alifunga geti. Alimkuta baba yake ameshakaa chini, sakafuni, ameegemea ukuta.

"Wameondoka?"

"Wameondoka."

"Na wewe umebaki." Mzee alinyoosha mkono wake kuelekea kwenye sauti yake, na usoni mwake, katikati ya aibu na machozi, Herieth aliiona furaha. "Nilijua hutaniacha. Umebaki na mimi."

Herieth aliutazama mkono ule. Hakuushika.

"Nimebaki leo, baba," alisema. "Leo tu."

Akapita, akaingia ndani kumtengea chakula.